Picha za Magofu, na Watu Wasioonekana Ndani Yake

Liko swali moja ambalo kwanza laonekana dogo, nami nataka tulifikiri pamoja. Je, picha iliyopigwa kwa kamera ni shahidi wa kweli? Watu wengi hujibu upesi, "Ndiyo, maana kamera haina ulimi wa kusema uongo, wala haipendelei mtu." Neno hilo lina kweli yake. Walakini shahidi hapimwi kwa maneno aliyoyasema tu. Huulizwa pia juu ya yale aliyoyanyamazia. Waalimu wanaofundisha amri ya nane darasani wanalijua jambo hili, kwa kuwa jirani huweza kuharibiwa na neno lililosemwa, na pengine huharibiwa na neno ambalo lingalimwokoa, lakini hapakuwa na mtu wa kulisema.

Mfano nitakaouchukua si wa mbali, ni ng'ambo ya maji tu. Ni habari ya Unguja katika mwaka wa 1896.

Tarehe 25 Agosti mwaka ule alikufa ghafula Seyyid Hamad bin Thuwaini, Sultani wa Zanzibar. Mara jamaa yake, Seyyid Khalid bin Barghash, akaingia jumbani akajitawaza bila ruhusa ya Waingereza. Nao tangu mwaka wa 1890 walikuwa wameiweka nchi chini ya ulinzi wao, na mtu waliyemtaka alikuwa mwingine, Hamud bin Mohammed. Khalid akakusanya watu wapata 3,000. Wengine walikuwa askari, wengi walikuwa raia waliopewa silaha, na mamia walikuwa watumishi na watumwa wa jumba. Basil Cave, aliyekuwa akishika kazi ya ubalozi wa Kiingereza, na Admirali Harry Rawson wakampa muda hata saa tatu asubuhi ya tarehe 27, ashushe bendera yake na kutoka. Hakutoka. Saa tatu na dakika mbili mizinga ya manowari ikaanza kulia. Majumba yale yalikuwa na mbao nyingi, yakashika moto. Merikebu ya Sultani iitwayo Glasgow ikajaribu kujibu, ikazamishwa palepale bandarini. Kabla ya saa nne kamili mambo yalikuwa yamekwisha. Vitabu vingi huhesabu dakika 38, vingine huongeza kidogo. Watu wapendao mambo ya ajabu huiita vita fupi kuliko zote duniani, na watoto wa shule hulijibu swali hilo kwa kucheka. Mimi kicheko hicho sikipendi, nanyi mtaona sababu.

Moto ulipozimika, zikapigwa picha. Mji wa Unguja wakati ule haukuwa mgeni wa kamera. Walikuwapo wapiga picha wa Kigoa, kama A. C. Gomes na ndugu wa Coutinho, waliokuwa na maduka yao mjini, na wageni wa merikebu walipenda kununua picha za nchi ili kuzipeleka kwao. Basi picha za maangamizi yale zingaliko hata leo, nazo zimechapishwa mara nyingi vitabuni. Katika moja twaona nyumba ya wanawake wa Sultani, imebomoka, mbao zake zikining'inia kama mbavu za ng'ombe aliyechunwa. Katika nyingine twaona mnara wa taa uliokuwa mbele ya Beit al-Ajaib, umetobolewa tobolewa, na nyuma yake jumba lenyewe limesimama karibu zima. Katika nyingine wamesimama askari wa majini wa Kiingereza karibu na mzinga walioteka, wametulia, kama watu waliomaliza kazi ya siku. Na picha nyingi za bandari za miaka iliyofuata zaonyesha milingoti ya Glasgow imechomoza majini, maana iliachwa hapo mpaka mwaka wa 1912.

Picha hizo ni nzuri kwa ufundi. Jiwe laonekana jiwe, na mbao mbao. Lakini katika zote nilizopata kuzitazama, sijaona maiti hata mmoja, wala majeruhi, wala mtu anayetafuta ndugu yake katika kifusi. Kama mtu hakuambiwa habari, angaliweza kudhani ya kuwa ni jumba la kale lililoanguka kwa mvua.

Sasa tusome hesabu. Inakadiriwa kwamba upande wa Khalid watu wapata 500, wanaume kwa wanawake, waliuawa au kujeruhiwa, na wengi wa waliokufa waliuawa na moto wa jumba. Upande wa Waingereza alijeruhiwa mtu mmoja, afisa mdogo wa manowari Thrush, naye akapona. Ndugu, litazameni tena neno lile "waliuawa au kujeruhiwa." Huyu mmoja twajua cheo chake, twajua merikebu yake, twajua na mwisho wa jeraha lake. Wale 500 wametiwa katika kapu moja, hata aliyekufa hakutengwa na aliyepona. Mama aliyemtuma mwanawe jumbani asubuhi ile hawezi kujua kwa hesabu ya namna hiyo kama mwanawe alikufa au alirudi bila mkono. Tena walikuwamo watumwa, ambao hawakuulizwa kama wanataka kupigana. Sheria ya kuiondoa hali ya utumwa katika Unguja na Pemba ilitolewa Aprili 1897. Yaani walikosa miezi saba hivi.

Wala nisiwatwike Waingereza peke yao mzigo huu. Khalid naye alikimbilia ubalozi wa Wajerumani. Wengine wasema alitoka jumbani mara mizinga ilipoanza, akiwaacha watu wake wapigane. Wengine wasema alikawia. Tarehe 2 Oktoba, bahari ilipojaa sana, mashua ya manowari ya Kijerumani Seeadler ikafika hata ngazi za bustani ya ubalozi, akapanda bila kukanyaga udongo wa Unguja, akaletwa huku kwetu Dar es Salaam. Akakaa hapa hata Waingereza walipomkamata mwaka wa 1916, wakampeleka Seychelles na St Helena, kisha wakamruhusu kurudi Afrika Mashariki, akafa Mombasa mwaka wa 1927. Habari zake twazijua kwa miaka yake. Za watu waliosimama madirishani kwa amri yake hatuzijui.

Labda mtu atasema, "Mchungaji, walaumu vyombo vya siku zile. Kamera ya zamani haikuweza zaidi." Tulichunguze neno hilo, na ili tulichunguze vizuri twende London, miaka 29 nyuma ya mambo ya Unguja.

Huko Clerkenwell palikuwa na gereza, na ndani yake alifungwa mmoja wa wakubwa wa chama cha Waairishi walioitwa Wafenian, waliotaka nchi yao itoke katika utawala wa Uingereza. Tarehe 13 Desemba 1867, jioni saa kumi kasorobo, rafiki zake wakaegemeza pipa la baruti kwenye ukuta wa gereza wakaliwasha, ili atoke kwa tundu. Ukuta ukabomoka kweli. Lakini wakuu wa gereza walikuwa wamepewa habari mapema, na wafungwa hawakutolewa uani saa ile. Basi hakutoka hata mmoja. Nguvu ya baruti ikazipiga nyumba za maskini zilizokuwa ng'ambo ya njia. Wakafa watu 12, na zaidi ya 100 wakajeruhiwa, nao hawakuwa na ugomvi na mtu.

Na hapo palipigwa picha. Kazi ya picha wakati ule ilikuwa kazi kweli. Kioo kilipakwa dawa iitwayo kolodioni, kikachovywa katika dawa ya fedha, kikatiwa katika kamera kingali kibichi, na picha ikasafishwa kabla dawa haijakauka, yaani katika dakika chache tu. Hivyo mpiga picha alichukua hema au gari la giza popote alipokwenda. Kamera iliachwa wazi kwa sekunde kadhaa. Aliyesimama kimya alionekana. Aliyetembea akawa ukungu, au akatoweka kabisa. Kwa chombo cha namna hiyo ukuta ni mtu mwema kuliko wote, maana hatikisiki. Tena magazeti ya wakati ule hayakuweza kuchapa picha yenyewe. Ilipasa mchongaji aitazame na kuichonga katika ubao, naye akiona mahali pa wazi aliweza kuongeza mtu wa kulia. Kwa hiyo picha za Clerkenwell nazo ni picha za ukuta na matofali.

Walakini wafu wa Clerkenwell walijulikana. Vilifanywa vikao vya kuchunguza vifo vyao, majina yao yakaandikwa na kutangazwa magazetini, pakakusanywa fedha za kuwasaidia walioharibikiwa. Mtu mmoja, Michael Barrett, alihukumiwa akanyongwa mbele ya watu tarehe 26 Mei 1868, naye ndiye wa mwisho kunyongwa hadharani katika Uingereza. Wengi hata leo wana mashaka kama ndiye kweli aliyewasha baruti, na hayo ni maneno mengine. Ninachotaka mkione ni hiki: kamera ya mwaka wa 1867 ilikuwa dhaifu kuliko ya mwaka wa 1896, maana wakati wa vita vya Unguja vioo vikavu vya upesi vilikuwa vimekwisha kuenea. Kamera yenye nguvu ilikuwa Unguja, na bado ni wafu wa Unguja waliopotea. Upungufu haukuwa katika chombo. Ulikuwa katika watu waliosimama kando yake, ambao hapa walichukua kalamu wakauliza, "Huyu ni nani?" na pale hawakuuliza.

Liko jambo jingine la kuogopa zaidi. Katika India, mji wa Lucknow, mwaka wa 1858, Felice Beato alipiga picha ya uwanja wa Sikandar Bagh, ambako waasi wengi sana waliuawa Novemba 1857. Katika picha ile mifupa ya watu imetapakaa mbele ya jumba. Lakini wengi wa waliochunguza wasema ya kuwa mifupa ile ilifukuliwa na kutandazwa miezi baadaye ili picha ipendeze. Basi maiti waweza kuonekana katika picha, na bado asiwe mtu. Amekuwa kipambo cha jumba.

Hapo najua mzee mmoja atanikatiza. Atasema, "Basi ni heri wasionyeshwe kabisa. Kwetu maiti huoshwa na kufunikwa. Kuacha kumpiga picha ni heshima." Neno hili ni zito, nami nalikubali nusu. Heshima ya kufunika ni kubwa. Lakini fikirini tufanyavyo msibani: tunamfunika uso, na palepale tunalitaja jina lake, na ukoo wake, na siku aliyozaliwa, na watoto aliowaacha. Shuka na jina huenda pamoja. Mtu akifunikwa bila kutajwa, hapo hatukumstahi. Tumemficha.

Jumba lenyewe lina mfano wa hayo. Miaka kumi kabla ya mizinga, mwaka wa 1886, Sayyida Salme binti Said, aliyeitwa Emily Ruete baada ya kubatizwa na kuolewa na Mjerumani, alichapisha kwa Kijerumani kitabu cha kumbukumbu za maisha yake. Ndani yake anaeleza maisha ya Beit al-Sahel, jumba la baba yake pale ufukoni: watu waliokaa humo, desturi zao, vyakula, magonjwa, magomvi ya ndugu. Mtu akikisoma kwanza, kisha akaitazama picha ya kifusi cha 1896, macho yake yanabadilika. Anaona ngazi waliyopanda watoto. Picha haikuongezwa kitu. Aliyeongezwa ni mtazamaji. Mahali pa Beit al-Sahel palijengwa jumba jingine, na mahali pa Beit al-Hukm na nyumba ya wanawake pakafanywa bustani.

Sasa nirudi kwetu, kwa kuwa sikuandika haya ili tuwahukumu watu wa zamani tu. Sisi wa Kibamba tunakaa kando ya barabara ya Morogoro, na malori hupita mchana na usiku. Likipinduka moja, kabla ya kufika machela hufika simu za mkononi. Kila mtu amekuwa mpiga picha, na chombo chake hakihitaji hema la giza wala kusimama kimya; chaona hata kinachotikisika. Tulipoona habari za Msamvu, Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, lori la mafuta lilipopinduka, watu wakaja kuchota, likawaka, wakafa zaidi ya 100, picha zilifika mikononi mwetu siku ileile. Miili ya watu waliokuwa wakiungua ilipita simu kwa simu, tena kwa watoto, wala hapakuwa na jina hata moja. Watu wa 1896 walionyesha kuta wakaficha watu. Sisi twaonyesha watu kana kwamba ni kuta. Jamaa wengine walilazimika kutambuliwa kwa vipimo vya vinasaba, na wakati huohuo mgeni wa mbali alikuwa amekwisha kumwona mtu wao na kumpitisha kwa kidole.

Wala si ajali tu. Tarehe 7 Agosti 1998 bomu lilipolipuka kwenye ubalozi wa Marekani, Kinondoni, siku ileile na lile la Nairobi lililoua zaidi ya 200, hapa kwetu walikufa watu 11, wote Waafrika. Sisi tuliokuwa vijana wakati ule twakumbuka picha za magazeti: magari yaliyoungua, ukuta, moshi. Nimewauliza watu wengi wa umri wangu. Picha wanaikumbuka wote. Jina la mmoja wa wale 11 sijapata mtu wa kunitajia, ila waliokuwa jamaa.

Je, basi tuache kupiga picha za maangamizi? La. Mwaka wa 1904, katika Kongo iliyokuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, alikuwako mmisionari wa kike wa Kiingereza, Alice Seeley Harris, katika kituo cha Baringa. Siku moja akaja kwake mtu ambaye walinzi wa kampuni ya mpira walikuwa wamemwua mtoto wake, naye amebeba kilichobaki cha mtoto, mkono mmoja na mguu mmoja. Mama yule akampiga picha. Mtu ameketi barazani, anatazama vitu viwili vidogo vilivyowekwa mbele yake. Hakuna moto katika picha ile, wala jumba lililoanguka. Lakini mama yule aliuliza, akaandika: baba aliitwa Nsala, wa Wala, binti aliitwa Boali. Picha ile na nyingine zikaonyeshwa kwa taa ya picha katika makanisa na kumbi za Uingereza na Marekani, na kila mara alikuwapo mtu kando ya shuka akieleza. Kelele zikazidi, hata mwaka wa 1908 Leopold akanyang'anywa nchi ile ikawa chini ya serikali ya Ubelgiji. Sisemi ya kuwa taabu za Wakongo zilikwisha hapo, maana hazikuisha. Nasema kwamba zaidi ya miaka 120 imepita, na mimi mtu wa Kibamba naweza kuwaandikia ninyi jina la mtoto yule, Boali. Katika Unguja, ambako nafika kwa boti asubuhi na kurudi jioni, siwezi kuwaandikia jina la hata mmoja wa waliokuwa ndani ya picha ile ya nyumba iliyobomoka.

Kwa hiyo mtu akinijia na picha ya maangamizi katika simu yake, simwulizi kwanza kama ni ya kweli. Namwuliza, "Huyu ni nani, na jamaa zake wamekupa ruhusa?" Akishindwa kunijibu, namwomba aifute. Wengine hukasirika, na kijana mmoja aliniambia kuwa nazuia habari. Nilimjibu kwamba habari bado hana. Anayo picha tu.

Na kwa walimu wa usharika ninalo ombi la kazi. Katika masanduku ya makanisa yetu na katika nyumba za wazee zimo picha za kale, za shule, za ubatizo, za kuweka jiwe la msingi. Nyingi nyuma yake hazina neno, au zimeandikwa "Wakristo wa pwani" basi. Chukueni penseli laini, msitumie wino, maana wino hupenya ukatokea usoni. Andikeni nyuma yake, kwa mkono mwepesi, mahali, mwaka, na majina kuanzia kushoto. Nendeni kwa wazee mchana, palipo na mwanga, wala msiwaharakishe. Hapa kwetu tumeanza na picha moja ya ubatizo ya miaka ya 1950, iliyoletwa na jamaa waliohamia kutoka Maneromango. Watu waliomo ni 19. Mpaka sasa tumepata majina saba, na la saba lilikuwa gumu, maana ni la mtoto aliyegeuka wakati kamera ilipofunguliwa, na uso wake ni ukungu mtupu. Bibi mmoja aliishika picha muda mrefu, akaigeuza kuelekea dirishani, kisha akasema kwamba kanzu ile aliishona mama yao, na kwamba mtoto ni nduguye, aitwaye Yohana.